Tupeane uzoefu: ni nini kilikufanya ukubali kuhamia Windows mpya, au ukatae?

Mkaa Dirishani
Wakuu, habari za muda huu. Laptopi yangu bado ina Windows 10. Tangu muda wake ulipoisha tarehe 14 Oktoba 2025 imekuwa ikinikumbusha kwamba nimebaki nyuma, nami nimekuwa nikifunga ule ujumbe na kuendelea na kazi. Leo umetokea skrini nzima nikiwa katikati ya kikao cha mtandaoni, nikiwaonyesha watu jedwali. Wote wameusoma. Mmoja akaniuliza, "Bado uko huko?"

Nimekumbuka enzi za Windows XP. Ile sikuhama kwa kuamua mimi, printa ndiyo iliyoamua: nilinunua mpya ikawa haina draiva ya XP, ile programu ndogo ya kuiunganisha na mfumo, basi. Safari hii nataka niamue mwenyewe. Sitaki maelezo ya kwenye tovuti, hayo nimeyasoma. Nataka mtu aniambie alibonyeza nini, kikatokea nini, na kama ingekuwa leo angebonyeza tena.

Kobe Mpole
Sijawahi kuhama kwa hiari. Narudia, kwa hiari.

Radi ya Mchana
Mimi hubonyeza siku ya kwanza. Maisha yenyewe mafupi.

Fundi Bisibisi
Radi, watu wa aina yako ndio mnaoniweka mjini. Endelea hivyo hivyo.

Bi Mahesabu
Mleta mada, mimi niliganda kwenye Windows 7. Muda wake uliisha tarehe 14 Januari 2020, nikaamka tarehe 15 kompyuta inawaka vizuri, nikasema hawa watu wanatutisha. Nikaendelea nayo.

Kilichonitoa ni kivinjari. Chrome 109 ndiyo ya mwisho iliyoikubali Windows 7. Mwanzoni mwa 2023 ikatoka 110 na sisi tukaachwa kituoni. Siku hiyo nayo haikutokea kitu. Mambo yalianza pole pole: ukurasa wa benki unafunguka nusu, kitufe cha kuingia kipo lakini hakibonyezeki, tovuti ya kodi inaniambia nitumie kivinjari kipya. Nikahamia Firefox 115, ile inayohudumiwa kwa muda mrefu, ikanivusha. Halafu programu ya mahesabu yenyewe, ambayo ndiyo inanilisha, ikatoa toleo jipya lisilotaka kusikia habari za Windows 7.

Nilichojifunza ni kwamba mfumo haufi siku ile tarehe inapofika. Vinavyokaa juu yake ndivyo vinavyokufa, kimoja baada ya kingine, na huwezi kujua kipi kitatangulia. Siku hizi siangalii tarehe ya Microsoft. Naangalia ile programu moja ninayofanyia kazi. Mwenye programu akitangaza kwamba toleo lijalo halitakubali mfumo wangu, hapo ndipo naanza kujipanga.

Nyuki Mweusi
Yaani Windows 7 baada ya 2020, na unaingia benki nayo? Dada una roho ngumu.

Bi Mahesabu
Antivairasi ilikuwepo.

Nyuki Mweusi
Antivairasi haizibi tundu lililo kwenye mfumo wenyewe. Hata kati ya waliopigwa na WannaCry, kile kirusi kilichofunga faili za watu na kudai pesa, wapo waliokuwa na antivairasi.

Kobe Mpole
WannaCry si ilikuwa ya XP ile?

Nyuki Mweusi
Ndivyo watu wanavyosimulia. Mashine nyingi zilizopigwa Mei 2017 zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inapewa viraka vya usalama! Kiraka chake, MS17-010, kilishatoka Machi, karibu miezi miwili kabla. Kilikuwepo, hakikuwekwa. Hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa kwa kitu ambacho dawa yake ilikuwa mkononi. XP ilipewa kiraka baadaye, moto ukiwa umeshawaka.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Kuna viraka vya kila mwezi, na kuna kuhama toleo zima. La kwanza halina mjadala, weka. La pili ndilo tunaloweza kukaa tukabishana.

Radi ya Mchana
Haya, mwalimu ameingia darasani.

Sindano na Uzi
Nilikuwa nasoma kimya kimya, lakini hiyo ya printa kuamua imenikumbusha kitu kilichonitoa machozi. Ni ndefu, mnivumilie.

Nina karakana ya kudarizi. Nembo za sare, majina kwenye majoho, kofia. Mashine yangu ni ya zamani, ya vichwa sita, na pembeni yake pana kompyuta ya mezani ya Windows XP ambayo haina kazi nyingine duniani. Inafungua programu ya kuchorea nembo, inageuza mchoro kuwa mishono, inautuma kwenye mashine kwa waya wa pini 9. Nyuma yake, kwenye lile tundu pana la pini 25 la printa za zamani, pamechomekwa kidude cha leseni. Ukikichomoa, programu haifunguki. Kampuni iliyoitengeneza ilishafungwa, hakuna wa kumpigia simu.

Sasa mume wangu ana mdogo wake. Kijana mzuri, mchapakazi, anapenda kompyuta. Nilikuwa na safari mwishoni mwa wiki, nikamwachia ufunguo awape mizigo wateja wanaokuja kuchukua. Jumatatu asubuhi narudi, nina oda ya nembo za shule nzima, inachukuliwa Jumatano. Nawasha kompyuta. Badala ya kile kilima cha majani na anga, naona bluu iliyokoza na dirisha linalotoa mwanga. Nikadhani nimekalia kiti cha mtu mwingine. Shemeji yuko mlangoni anatabasamu: "Sapraizi, shemu! Nimekupigia Windows 10. Ile ya zamani ilishachoka. Ona inavyowaka haraka!"

Kweli, ilikuwa inawaka haraka. Hilo sikatai mpaka leo.

Nikamwuliza, programu iko wapi? Akasema hilo dogo, si CD ipo, tunaweka upya. Akaweka CD. Likatoka tangazo: programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Akaingia kwenye sehemu za upatanifu, akaiambia ijifanye XP. Tangazo lile lile. Akaifungua kama msimamizi. Lile lile. Kufika saa sita mchana tabasamu limekwisha, shati limemlowa mgongoni, mimi nimekaa sakafuni juu ya mafungu ya vitambaa, na mashine imesimama, sindano zote juu, fremu imeshika kitambaa cha kwanza ambacho hakijatobolewa hata tundu moja.

Nikamwuliza swali moja tu. Michoro yangu iko wapi?

Kimya.

Hiyo ni michoro ya miaka yote. Kuna nembo za wateja ambazo wateja wenyewe hawana nakala. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Shemu, nilipokuwa naweka, iliniuliza kitu kuhusu faili za zamani. Nikabonyeza sawa."

Simu zinaita, wateja wanauliza, nami najibu, "Mzigo wako uko kwenye mashine." Haukuwa uongo. Kitambaa kilikuwa kwenye mashine.

Nawarudia, kuna mtu amekuja kupima.

Radi ya Mchana
USITUFANYIE HIVYO.

Kobe Mpole
"Nikabonyeza sawa." Aisee.

Ngamia Jike
Shemeji yu hai?

Fundi Bisibisi
Dada, aliweka Windows ya biti 64, bila shaka. Programu za enzi zile, hata kama yenyewe ni ya biti 32, kile kisakinishi cha kwenye CD mara nyingi ni cha biti 16. Windows ya biti 64 haina kabisa mahali pa kuendeshea kitu cha biti 16. Hapo unaweza kubadilisha upatanifu mpaka kesho asubuhi. Na hata ungefanikiwa kuiweka, kile kidude cha pini 25 kingetaka draiva ya biti 64, ambayo kwa kampuni iliyofungwa huipati.

Ngamia Jike
Fundi, tumeuliza shemeji.

Nyuki Mweusi
Mimi nauliza, kwa nini hapakuwa na bakapu?

Ngamia Jike
Mwache mwenzio amalize, lawama zina siku yake.

Mzee wa Nukta
Salamu kwenu. Nimesoma swali la juu tu, sijasoma mengine. Kanuni yangu ni moja: usiguse toleo lolote mpaka lipate nukta moja. Ubuntu wenyewe, wale wa mfumo wa Linux, ndivyo wanavyofanya. Aliyekuwa kwenye 22.04 hakuletewa ujumbe wa kuhamia 24.04 ilipotoka Aprili 2024. Alisubirishwa mpaka 24.04.1 itoke, Agosti. Kama waliolipika wenyewe wanasubiri lipoe, wewe una haraka gani?

Windows nako kuna mtego wake. Ukiingia kwenye mipangilio ukabonyeza mwenyewe kuangalia kama kuna apdeti, umejitolea kuwa wa mstari wa mbele. Oktoba 2018, toleo la 1809 la Windows 10 lilianza na hao waliobonyeza wenyewe, na baadhi yao wakakuta faili za kwenye Documents zimefutika. Microsoft wakalisimamisha ndani ya siku chache, likarudi katikati ya Novemba. Aliyekuwa amelala hakujua hata kama kulitokea kitu.

Radi ya Mchana
Mimi niliibonyeza hiyo 1809 siku ile ile na sikupoteza faili hata moja.

Mzee wa Nukta
Kwa sababu hukuwa nazo.

Kobe Mpole
Mzee umemmaliza.
Mimi nina kanuni rahisi zaidi. XP nzuri, Vista mbaya, 7 nzuri, 8 mbaya, 10 nzuri. Malizieni wenyewe. Nasubiri 12.

Fundi Bisibisi
Hiyo hesabu watu wanaipenda ila haina miguu. 8.1 utaiweka wapi? Na Vista mnaionea. Mwaka 2007 iliwekwa kwenye mashine zenye RAM ya kuokoteza, draiva za printa na kadi za picha hazijakamilika. Ilipokuja 7 mwaka 2009, mashine zilikuwa zimekua na draiva zilishaandikwa, na nyingi za Vista zilikubali palepale. Sehemu kubwa ya uzuri wa 7 ni kwamba ilikuta njia imeshalimwa.

Kobe Mpole
Kwa hiyo waliosubiri walifanya vizuri.

Fundi Bisibisi
Sijasema hivyo.

Kobe Mpole
Umesema.

Fundi Bisibisi
Nimesema draiva.

Mkaa Dirishani
Wakuu, naona tunaelekea kwenye historia. Mimi nina Core i5 ya kizazi cha 7, RAM GB 8, diski ya kuzunguka. Kile kipimo cha Microsoft kinasema haifai Windows 11. Nifanyeje? Na kuna skana yangu ya zamani ambayo siwezi kuiacha.

Radi ya Mchana
Programu ya Rufus. Unatengeneza flashi, unaweka tiki iondoe masharti ya TPM, ile chipu ya usalama, unapiga, unalala.

Nyuki Mweusi
Halafu asubuhi moja apdeti zikome, maana Microsoft hawajaahidi kuzileta kwenye mashine iliyoingia kwa mlango wa nyuma.

Radi ya Mchana
Mimi ya kwangu inazipata tu.

Nyuki Mweusi
Leo.

Fundi Bisibisi
Kizazi cha 7 kinaingia kwa hiyo njia, nimeziona nyingi. Masharti yanataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu au Ryzen 2000 kwenda juu, lakini hayo ni ya kwenye karatasi. Mwenye Core 2 ndiye asijisumbue kabisa. Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11 mfumo unatumia amri ambazo prosesa zile hazina, SSE4.2 na POPCNT, kwa hiyo hata kuwaka hauwaki. Hapo hakuna tiki ya Rufus itakayokusaidia.

Ila kabla ya yote hayo, Mkaa, hiyo diski ya kuzunguka ndiyo adui yako. Weka SSD, diski isiyozunguka. Watu wengi wanaokuja kwangu wanasema "nibadilishie Windows, nzito," nafungua nakuta Windows haina kosa lolote, inasubiri diski.

Mzee wa Nukta
Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Unaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako hata kidogo. Jaribu skana, Wi-Fi, sauti, kamera, vyote hapo hapo. Kikikataa kimoja, unachomoa flashi, umerudi ulikokuwa.

Bi Mahesabu
Mzee, na programu yake ya kazi je? Mtu akikwambia Linux muulize kwanza unafanyia nini kompyuta.

Mzee wa Nukta
Sijakulenga wewe.

Ngamia Jike
Wakati tunamsubiri mwenye sindano, niwape na yangu. Laptopi yangu niliinunua ya mkononi. Muuzaji aliniandalia kila kitu, akaandika mpaka jina langu kwenye skrini ya kuingilia, nikamwona mtu wa maana. Ilikuwa inafaa Windows 11, ila nikashauriwa nisasishe BIOS kwanza, ile programu ya ndani inayoiwasha kompyuta. Nikafuata maelekezo yote, ikamaliza salama, ikajiwasha. Skrini ya bluu: weka ufunguo wa BitLocker, yaani kufuli la diski, tarakimu 48.

Ufunguo gani tena? Inasema uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Naingia kwa simu kwenye akaunti yangu, hakuna kitu. Kumbe wakati wa kuiandaa alitumia akaunti yake yeye, diski ikajifunga kwa siri, ufunguo ukaenda kwake. Jina lilikuwa langu, nyumba ilikuwa yake.

Simu yake haipatikani. Nilimpata kwa kupitia binamu yake. Akanisomea zile tarakimu kwa simu, sita sita mara nane, yuko kwenye gari, upepo unavuma, kila akifika kundi la tano mtandao unakata. Niliandika kwenye kiganja maana karatasi ilikuwa mbali. Ilipofunguka tu nikaingiza akaunti yangu, nikazima ule usimbaji, nikauwasha upya ufunguo uje kwangu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa BIOS, TPM au toleo, angalia kama diski imefungwa na ufunguo anao nani.

Kobe Mpole
Hii ndiyo sababu mimi siendi popote.

Fundi Bisibisi
Kobe, hata apdeti ya kawaida ya BIOS inaweza kukuletea hiyo skrini. Kutohama hakukukingi.

Kobe Mpole
Sisasishi BIOS pia.

Sindano na Uzi
Nimerudi. Shemeji yu hai, na ndiye aliyetuokoa kwa namna fulani, maana alitoka mbio akaenda kumtafuta mzee mmoja anayetengeneza kompyuta za viwandani.

Yule mzee alipofika hakugusa kibodi. Alichomoa waya wa umeme ukutani. Akasema, "Kila dakika inayowaka inaandika juu ya vitu vyako." Akatoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake kwa kifaa cha USB, akafungua C. Pale katikati ya mafolda mapya palikuwa na folda moja inaitwa Windows.old.

Lile "sawa" la shemeji, kumbe swali lilikuwa linasema: kuna Windows nyingine hapa, faili zake zitahamishiwa kwenye Windows.old. Hakuwa amefomati. Ndani tukakuta Documents and Settings nzima, na michoro yote, folda kwa folda, majina ya wateja kama nilivyoyaandika mwenyewe, mpaka ile folda niliyoiita USIFUTE HII. Nililia mara ya pili. Mzee akasema tushukuru tumewahi, kwa sababu Windows 10 ikikaa siku zake 10 hulifagia lile folda yenyewe bila kuaga.

Programu sasa. Kurudisha XP kwa kitufe cha kurudi nyuma hakukuwezekana, kwa sababu shemeji hakupandisha, aliweka upya. Mzee akaleta diski nyingine, akaweka XP ya biti 32 kwa CD yangu ya asili, akachomeka kidude kwenye pini 25, programu ikafunguka. Mashine ikakataa kupokea. Ikawa mwendo wa waya wa pini 9 haulingani. Tukahangaika mpaka nikakumbuka kuna namba imeandikwa kwa kalamu ya wino ubavuni mwa mashine, tangu nainunua sijawahi kujua ni ya nini: 9600. Mzee akaiandika, sindano zikashuka zote sita kwa pamoja.

Oda ilichelewa. Mteja alinuna, akachukua.

Siku hizi ile kompyuta haina waya wa intaneti, diski yake ina pacha kabatini, na juu yake kuna karatasi: HII SI KOMPYUTA. NI SEHEMU YA MASHINE YA KUDARIZI. USIISASISHE. Mwandiko ni wa shemeji.

Ngamia Jike
Shemeji apewe nishani.

Radi ya Mchana
Mimi ningemwoza.

Sindano na Uzi
Ameshaoa. Mkewe hamruhusu kugusa simu yake.

Nyuki Mweusi
Nimefurahi mambo yaliisha salama, lakini nitasema. XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014. Haina waya wa intaneti, sawa, ila michoro inaingiaje?

Sindano na Uzi
Kwa flashi.

Nyuki Mweusi
Ya nani?

Sindano na Uzi
...Nyingine za wateja.

Nyuki Mweusi
Ehee.

Fundi Bisibisi
Nyuki usimkoseshe usingizi. Dada, tenga flashi moja iwe ya kompyuta ile tu. Ya mteja ichomeke kwanza kwenye laptopi yako mpya, ikaguliwe, kisha unakili faili ya mchoro peke yake kwenye flashi yako. Na mwambie yule mzee azime kule kujifungua kwenyewe flashi inapochomekwa. Hapo umefanya linalowezekana.

Bi Mahesabu
Na mimi naona dada hakukosea kubaki XP. Kompyuta inayoingia benki na kompyuta inayoendesha sindano haziwezi kupewa ratiba moja.

Nyuki Mweusi
Hapo tunakubaliana, andika tarehe.

Mzee wa Nukta
Sasa nimesoma yote. Pole dada. Kwenye Mac nako kulitokea jambo la jinsi hiyo Oktoba 2019, lilipokuja toleo la Catalina. Programu zote za biti 32 zilikataa siku moja, hata Office 2011. Mwanangu anarekodi muziki, na vinanda vyake vingine vilitengenezwa na watu walioacha biashara. Alibaki Mojave, toleo la kabla yake, na ile Mac mpaka leo iko studio, haiulizwi kitu kuhusu apdeti.

Mkaa Dirishani
Nimepata mwanga. Nilivyokata shauri ni hivi: nimejiandikisha kwenye ule mpango wa Microsoft wa kuendelea kupewa viraka vya usalama vya Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Kulikuwa na njia tatu, kulipa dola 30, kutumia pointi 1,000 za Rewards, au kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Nimechukua ya tatu, sijatoa kitu. SSD nanunua. Mint nitaijaribu kwa flashi nione kama skana inakubali. Ikikubali, nahamia huko na sitaki ushauri mwingine.

Radi ya Mchana
Yaani baada ya yote haya umeamua kusubiri.

Kobe Mpole
Karibu sana, ndugu yangu. Huku hakuna haraka.

Nyuki Mweusi
Mkaa, viraka utapata, ila hivyo ni vya usalama tu. Usitegemee kipya chochote. Na chrome, programu za kazi, vyote viangalie kimoja kimoja kama alivyosema Bi Mahesabu.

Tone la Mvua
Samahani kuingilia wakuu. Nimebonyeza kuhamia 11 asubuhi, imefika asilimia 87 imesimama. Haisogei muda mrefu sasa. Nizime?

Radi ya Mchana
Zima.

Mzee wa Nukta
USIZIME.

Radi ya Mchana
Mimi nilizima yangu ikarudi yenyewe ilikokuwa.

Fundi Bisibisi
Tone, usimsikilize mtu. Chaja iko kwenye umeme? Taa ya diski inapepesa?

Tone la Mvua
Chaja ipo. Taa ya diski ndiyo ipi?

Fundi Bisibisi
Ndogo, ina alama ya mviringo mfano wa pipa. Ubavuni au juu ya kibodi.

Tone la Mvua
Hii yangu ina taa moja tu, ya chaji.

Kobe Mpole
Nilisema.

Fundi Bisibisi
Weka sikio chini ya kibodi. Kama ni diski ya kuzunguka utaisikia inakwaruza. Ikikwaruza iache mpaka kesho.

Tone la Mvua
Nasikia feni.